Farasi wa London Alikuwa Hamali

Karibu na kituo ninachopandia basi asubuhi, kusini mwa mto Thames, kuna hori ndefu ya jiwe la graniti. Imejazwa udongo na kupandwa maua. Kwa miaka minne niliipita nikidhani ni chungu kikubwa tu cha maua cha halmashauri. Siku moja basi likachelewa, nikasogea nisome maandishi yaliyochongwa ubavuni: Metropolitan Drinking Fountain and Cattle Trough Association, yaani chama cha mabomba ya maji ya kunywa na hori za kunyweshea mifugo. Nikainama. Chini kabisa, usawa wa lami, kuna kihori kingine kidogo, cha mbwa. Nikapitisha kiganja kwenye ukingo wa juu, nikaukuta laini, umelika kama kizingiti cha nyumba ya zamani.

Chama hicho kilianzishwa mwaka 1859, enzi ambazo kipindupindu kilikuwa kimewatia watu wa London hofu ya maji yao wenyewe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka mabomba ya maji safi ya bure kwa wapita njia. Mwaka 1867 kikaongeza wanyama kwenye jina lake, na sababu ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: farasi alivuta mzigo tangu alfajiri, na maji yaliyokuwa karibu mara nyingi yalikuwa ya mwenye baa, aliyetaka mwendeshaji alipe au anunue bia kwanza. Mwendeshaji asiye na senti alipita, na farasi akapita na kiu yake. Hori kama ile ya kituoni kwangu ilikomesha jambo hilo. Kila ninapoiona sasa, naiona kuwa ni kitu kilichowekwa na watu waliomwona farasi anaumia wakaona haya.

Nasema hivi kwa sababu nimechoshwa na namna London ya farasi inavyosimuliwa. Kwenye sinema utamwona bibi mwenye kofia ya manyoya, gari jeusi linalong'aa, na farasi wawili weupe wanaotembea kama wako harusini. Viwanjani amesimamishwa farasi wa shaba, mgongoni kakaa mfalme au jenerali. Farasi wa aina hiyo walikuwapo, lakini walikuwa wachache. Kufikia mwaka 1900 London ilikuwa na farasi wanaokadiriwa kufika 300,000, na wengi wao hawakuwahi kubeba jenerali. Walivuta makaa ya mawe, maziwa, mapipa ya bia, takataka, maiti, na mabasi. Kwa lugha ya kwetu pwani, walikuwa mahamali.

Chukua basi moja tu. Mwaka 1829 mtu mmoja aitwaye George Shillibeer alianzisha basi la kwanza la London, kutoka Paddington hadi eneo la Bank, likivutwa na farasi watatu na kubeba abiria 22. Baadaye mabasi yakaongezwa viti juu ya paa, na farasi wakapunguzwa wakawa wawili. Lakini usidhani kwamba farasi wawili walitosha kwa siku nzima. Basi moja lilihitaji farasi 11 au 12, maana kila jozi ilivuta saa chache tu, ikatolewa ikiwa imelowa jasho, ikaingia nyingine. Kilichowamaliza hasa ni kusimama na kuanza upya. Abiria anapunga mkono, basi linasimama. Anapanda, na wale wawili wanalazimika kuung'oa tena uzito wote pale pale, kwato zikitafuta pa kushika kwenye mawe yenye utelezi. Kwenye mwinuko aliongezwa farasi wa tatu, na akifika juu anarudishwa chini kungoja basi lingine. Baada ya miaka minne au mitano ya kazi hiyo, farasi wa basi alikuwa amekwisha. Aliuzwa kwa bei ndogo kwa mwenye kazi nyepesi, halafu kwa mwingine, na mwisho machinjioni. Nyama yake ilikatwa vipande, ikachomekwa kwenye vijiti na kuuzwa mitaani kuwa chakula cha paka. Punda afe mzigo ufike: methali hii ingefaa kuandikwa ubavuni mwa kila basi la wakati ule.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisema kinyume. Tunaambiwa treni ilikuja ikamstaafisha farasi. Hapana, treni ilimwongezea kazi. Reli inaleta shehena hadi stesheni, basi. Kutoka stesheni hadi dukani nani ataibeba? Kampuni za reli zenyewe zikawa na farasi kwa mamia. Pale Paddington kampuni ya Great Western ilijenga mazizi ya ghorofa, farasi wakipanda juu kwa njia za mteremko badala ya ngazi. Jengo lipo hadi leo, ni sehemu ya hospitali ya St Mary's, na zile njia za mteremko bado zinaonekana. Nilikwenda kulitazama. Wagonjwa wanaingia na kutoka, magari ya wagonjwa yanapita, na ukutani unaona njia ikipanda polepole, pana ya kutosha farasi mmoja na mtu aliyemshika hatamu. Nilikaa pale kama nusu saa.

Halafu kuna kinyesi, ambacho waandishi hukitaja kwa kicheko na kukiacha. Farasi mmoja hutoa kilo saba au zaidi kwa siku. Zidisha kwa 300,000, unapata zaidi ya tani 2,000 kila siku, Jumapili ikiwamo. Mji uliishi vipi? Uliishi kwa sababu ulikuwa na mzunguko ambao leo tungeuonea wivu. Mashua kutoka mashamba ya Essex na Kent zilipanda mto Thames zimelundikwa nyasi kavu juu ya sitaha mpaka mtu wa usukani haoni mbele, na zilirudi zimejaa samadi ya kurutubisha mashamba yale yale. Mtaa wa Haymarket, ambao leo ni wa majumba ya maonyesho, ulipata jina lake kwa soko la nyasi lililokuwapo hapo hadi mwaka 1830. Hata hivyo nisiupambe mji ule. Ulinuka, na kiangazi nzi walikuwa balaa. Kwenye vivuko walisimama watoto na wazee wenye mafagio, wakifagia njia ili waungwana wavuke bila kuchafua viatu, wakingoja kurushiwa senti.

Na kelele! Magurudumu yenye mikanda ya chuma, viatu vya chuma, juu ya mawe. Kwenye nyumba yenye mgonjwa mahututi, wenye uwezo walitandaza majani makavu barabarani mbele ya mlango, ili magari yanapopita sauti ipungue. Fikiria mtaa wote unagonga kama karakana, halafu mbele ya mlango mmoja sauti inazama ghafla. Kila mwendeshaji aliyepita hapo alijua humo ndani kuna mtu anayepigania roho yake. Katika yote niliyosoma kuhusu mji ule, hakuna kilichonigusa kama majani yale.

Mwisho ulikuja haraka. Kampuni kubwa ya mabasi, London General, iliondoa basi lake la mwisho la farasi Oktoba 1911. La mwisho kabisa mjini, la kampuni ya Tilling huko Peckham, lilimaliza safari yake tarehe 4 Agosti 1914. Siku hiyo hiyo Uingereza iliingia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na jeshi likapita mabanda na mashamba ya nchi nzima likichukua farasi, zaidi ya 100,000 katika majuma ya mwanzo tu. Farasi aliyekuwa akivuta mkate mjini akajikuta anavuta mzinga.

Hapa ndipo habari ya farasi wa London inapofika kwetu. Vita hiyo ilipoingia Afrika Mashariki, majeshi yalileta farasi na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, na nzi wa ndorobo wakawaua kwa maelfu. Ni ndorobo huyo huyo, pamoja na maradhi mengine ya farasi, aliyefanya misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda bara itegemee vichwa na mabega ya wapagazi. Farasi wakifa, mzigo haufi. Wakakamatwa watu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikalitengeneza jina hilo: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Sanamu ya Askari pale Dar, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Hiyo ndiyo kazi ambayo Ulaya ilifanywa na farasi.

Najua kuna atakayekasirika kwamba namlinganisha babu yake na mnyama. Mimi nimezaliwa Kariakoo, siwezi kumtukana babu wa mtu. Aliyewalinganisha ni yule aliyeandika orodha ya mahitaji ya vita, akafuta nyumbu akaandika watu. Ninachosema ni kwamba nikimdharau aliyevuta basi la Paddington mpaka magoti yakalegea, nitakuwa nimeshajizoeza kumdharau na aliyebeba sanduku la risasi kutoka Morogoro kwenda Rufiji.

London imejaribu, nakiri. Kando ya Park Lane kuna mnara uliofunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya wanyama waliofia vitani: nyumbu wawili wa shaba, wamelemewa, wanajikokota kuelekea kwenye pengo la ukuta. Maandishi yake yanasema hawakuwa na hiari. Ni kazi nzuri na niliguswa nayo. Lakini ni ya vita tena. Farasi wa makaa, wa maziwa, wa basi, karibu hana chochote isipokuwa hori zilizojaa maua, na hori hazimwelezi mtu kitu. Nimewaandikia wahusika wa eneo langu kuomba kibao kidogo kituoni pale, mistari miwili: hapa walinywa maji farasi walioujenga mji huu. Bado nangoja.

Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho nilitaka kibao kama hicho na Kariakoo pia. Mtaa wa Msimbazi nilisimama na kijana wa mkokoteni aliyekuwa akivuta pumzi, magunia ya vitunguu yamefungwa kamba, shati limemganda mgongoni. Nikamuuliza kama anajua Kariakoo ni jina la nini.

"Sijui, mzee. Si jina tu la hapa?"

Nikamweleza habari za wachukuzi na kambi yao. Alisikiliza kwa makini, amekunja uso, huku kaegemea mipini.

"Sasa hao walilipwa?"

Nikamwambia wengi waliofia huko, mishahara yao haikuwafikia jamaa zao. Akanyamaza. Halafu akaukanyaga mkokoteni kuunyanyua, akaomba njia, maana mwenye vitunguu alikuwa ameshatangulia na asingemwona tena kwenye ule umati.