Afande, Goma Tu

Kuna mtu ninayemheshimu sana, na leo asubuhi heshima hiyo imepungua kidogo. Mwezi uliopita tu alikuwa akitetea mgomo wa wauguzi kwa maneno matamu mpaka nikatamani kumpigia makofi. Leo mazungumzo yamefika kwa askari polisi wanaogomea mshahara, akageuka. "Askari akigoma afukuzwe. Si aliapa?" Jirani yake akachekelea: "Acha na wao waonje!"

Hiyo "waonje" naielewa kuliko anavyodhani. Miaka ya nyuma nilimsindikiza dada yangu, mwalimu, kwenye maandamano ya kudai malimbikizo ya mishahara. Rungu likanikuta hapa begani, na hadi leo nikibeba ndoo kwa mkono wa kushoto mfupa unanikumbusha. Aliyenipiga alikuwa kijana, jasho linamtiririka chini ya kofia ya chuma. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachama mbele, soksi inachungulia. Nilikuwa nimelala chini, ndiyo maana nilikiona vizuri. Kijana mwenye kiatu kile anapiga watu wanaodai mshahara!

Kwa hiyo sitajifanya kwamba polisi wametuzoesha wema. Hawajatuzoesha. Lakini hoja ya kiapo iondoeni mezani. Daktari naye aliapa, na mwenye nyumba hapokei kiapo mwisho wa mwezi.

Kinachonichoma hasa ni ule wimbo wa "fedha hazipo." Tazameni Boston, Marekani, Septemba 1919. Askari wa pale walikuwa wakianza kazi kwa takriban dola 1,100 kwa mwaka, na sare wananunua wenyewe. Vituo vyao vilijaa panya. Wakaunda chama cha wafanyakazi, mkuu wao akawasimamisha 19, na wenzao 1,117 kati ya 1,544 wakatoka kazini. Uporaji ukaanza usiku uleule, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Rais Woodrow Wilson akauita mgomo huo uhalifu dhidi ya ustaarabu. Gavana Calvin Coolidge akatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kugoma dhidi ya usalama wa umma, popote, wakati wowote. Kauli hiyo ilimpa jina nchi nzima, na miaka minne baadaye alikuwa rais. Waliogoma hawakurudishwa kazini.

Sasa shikeni hapa. Walioajiriwa kujaza nafasi zao walianza kwa dola 1,400, na sare wakapewa bure. Bure! Yaani zile fedha ambazo hazikuwepo zilipatikana wiki chache baada ya wenye kuzidai kutupwa nje. Hazina haikuwa tupu hata siku moja. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaogopa, na wananchi, badala ya kumuuliza mkubwa alikozificha, wakashangilia askari kufukuzwa.

Uingereza nako ni yaleyale. Polisi wa London waligoma Agosti 1918, wengine wakagoma tena 1919, na wa mara hii ya pili wakafukuzwa. Mwaka huohuo Bunge likapiga marufuku chama chao, na mishahara ikapandishwa sana. Walioilipia nyongeza hiyo hawakuionja.

Haya, nikubali kwa shingo upande: mgomo wa polisi si mgomo wa wapaka rangi. Montreal, Kanada, tarehe 7 Oktoba 1969, polisi waliondoka kazini na kabla ya siku kwisha benki zilikuwa zimeporwa, vioo vya maduka viko chini, jeshi limeitwa. Mwaka 2017 jimbo la Espírito Santo, Brazil, liliona mabaya zaidi. Sheria ya kule inamkataza polisi wa kijeshi, ndiye yule wa doria mitaani, kugoma, basi wake na jamaa zao wakaenda kuziba mageti ya kambi, magari ya doria yasitoke. Mke hajaapa kwa mtu. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika wiki zile, na sina ujanja wa kuwafuta kwenye hesabu hii.

Mnataka mgomo upigwe marufuku? Sawa, ila anayemnyang'anya mtu silaha yake ya mwisho ampe kitu badala yake: msuluhishi huru, ambaye akisema mshahara upande, serikali haina pa kukimbilia. Marufuku peke yake huzaa ugonjwa wa ghafla, au mgomo baridi, kama ule wa polisi wa New York karibu 20,000 waliokataa kazi ya kawaida kwa pamoja Januari 1971 na kurudi baada ya siku chache. Au huzaa kitu kidogo barabarani, ambacho tunakilipa mimi na wewe bila risiti, kisha jioni tunasema askari hawastahili nyongeza.

Askari amezuiwa kuandamana, amezuiwa kusema na waandishi. Tusipomsemea sisi aliotupiga, atasemewa na nani?

Nikimkuta yule kijana ameshika bango, nitasimama naye. Ila akae kulia kwangu. Bega la kushoto bado halijamsamehe.