Kukagua msimbo wa kuwasha memori kadi: polepole ya wakaguzi na haraka yetu

Kiwango cha UHS-II cha memori kadi, yaani kizazi cha pili cha kadi za kasi, kilitangazwa 2011. Kerneli rasmi ya Linux (kiini cha mfumo, kinachoendesha vifaa vya kompyuta) imekuja kukikubali kwenye toleo la 6.13, Januari 2025. Miaka kumi na nne. Ukiitaja hiyo hesabu mbele ya vijana wanaoshughulika na draiva (msimbo unaoendesha kifaa) wanagawanyika hapo hapo, kuna wanaosema wakaguzi wa kerneli wamezidi, pachi (badiliko la msimbo linaloombewa kuingizwa) inarudishwa mara kwa ajili ya jina la fankshen (kipande cha msimbo) mara kwa mpangilio wa faili huku kadi zenyewe zimeshajaa madukani, na kuna wanaosema hapana, sehemu ile ndo ya kukaguliwa polepole kuliko zote. Mi niko na hawa wa pili kwa sehemu kubwa. Lakini kuna mahali wale wa kwanza wana haki na sioni wakisikilizwa, na sisi wa huku Lamu tunapaona vizuri tu.

Tuanze na kinachofanyika kadi ikiingia kwenye tundu, maana wengi wanabishania kitu wasichokiangalia. Chipu inayoongea na kadi, tuiite hosti, haijui imeletewa nini: ya zamani, mpya, nzima, mbovu. Kwahiyo inaanza na mwendo wa chini kabisa, mapigo (yale yanayopanga muda wa mawasiliano) ya kilohezi 400, na Linux ikishindwa hapo inajaribu 300, halafu 200, halafu 100. Inatuma amri ya CMD0 kuirudisha kadi mwanzo, inatuma CMD8 kuuliza habari ya voltiji, na hata kadi ikinyamaza hosti imeshajua kitu, kwasababu kadi za kabla ya kiwango cha SD 2.0 haziijui CMD8. Halafu inakuja amri ya ACMD41, inarudiwarudiwa mpaka kadi iseme iko tayari, na kadi imepewa hadi sekunde 1 nzima ya kujitayarisha. Humo humo hosti inauliza, je unaweza kushuka kutoka volti 3.3 kuja 1.8? Kadi ikikubali inatumiwa CMD11, mapigo yanazimwa, voltiji ya laini za mawasiliano inashushwa, mapigo yanarudi, ndo tunaingia UHS-I, kizazi cha kwanza cha kasi. Ile modi ya juu ya UHS-I inaitwa SDR104, mapigo megahezi 208, kasi megabaiti 104 kwa sekunde, na pigo moja halifiki hata nanosekunde 5, kwahiyo hosti inabidi iombe fungu la baiti 64 ambalo inalijua tayari, kwa CMD19, tena na tena hadi mara 40, ipate kujua isome sehemu gani hasa ya pigo.

Sasa rudi pale kwenye CMD11. Kiwango kinataka mapigo yakizimwa yakae hivyo si chini ya milisekunde 5. Linux inakaa 10, na kwenye msimbo wenyewe wameandika wazi kwamba kiwango kinataka 5 tu. Kwa mtu anayetaka kifaa kiwake haraka hapo kuna milisekunde 5 za bure, na hoja yake ina uzito, maana hii kazi haifanyiki mara moja, kompyuta ikilala na kuamka kadi inaanzishwa upya, na vichelewesho vidogo vidogo vya kila draiva ndo mwisho wake unapata simu inayokaa kwenye logo mpaka unachoka. Mkaguzi atakayeikataa pachi ya kurudisha 10 kuwa 5 yeye anaiangalia bodi (saketi ya kifaa chenyewe). Kuna kapasita zinachelewa kumaliza chaji, kuna regyuleta (za kudhibiti voltiji) za bei rahisi, voltiji inashuka taratibu na kila bodi ina taratibu yake, na hakuna mtu aliye na bodi zote za dunia mezani kwake aje athibitishe 5 inatosha kila mahali. Hapo mi nasema aikatae.

Na halafu kuna kufeli, ambako kwangu ndo kazi yote ya ukaguzi ilipo. Kadi ikishashuka 1.8 hakuna amri ya kuipandisha tena 3.3, dawa ni kuikata umeme tu. Kwahiyo kubadilisha voltiji kukikwama katikati msimbo unaikata kadi umeme, unaanza upya, unajaribu tena, ikishindikana kabisa unaacha kuomba 1.8 na kuendelea na kasi ya zamani. Sawa. Na bodi ambayo haina uwezo wa kukata umeme wa kadi je? Ziko nyingi. Ukiizima na kuiwasha kompyuta ya namna hiyo kwa programu, bila kuchomoa waya, hosti inaamka inaongea 3.3 na kadi bado iko 1.8 tangu jana. Ndo maana kwenye Linux kuna fankshen inaitwa mmc_sd_card_using_v18, kazi yake ni kuisomea kadi orodha ya modi za kasi na kutazama biti fulani ambazo zingekuwa sifuri kama kadi ingeanza kwa 3.3, zikiwa si sifuri basi kadi ilishashuka zamani. Hilo huwezi kulijua ukijaribu pachi yako kwenye bodi moja nzuri ofisini. Linajulikana kwa kuulizwa, na anayeuliza ni mkaguzi anayeonekana msumbufu.

UHS-II imeongeza ugumu juu ya huo. Watu wanadhani ni UHS-I iliyokazwa kidogo, kumbe ni mawasiliano mengine kabisa ndani ya kadi yenye umbo lile lile: safu ya pili ya vishikizo (vile vipande vya chuma vya kadi vinavyogusana na tundu) nyuma ya ile ya kwanza, nyaya zinakwenda mbilimbili, data inasafiri kwa pakiti, megabaiti 156 kwa sekunde kila upande au 312 njia zote zikielekezwa upande mmoja. Hosti inaamsha kwanza safu hiyo ya pili, inahesabu nani yuko upande wa pili, inakubaliana naye mipangilio, ndo amri za zamani zinaanza kupita zikiwa zimefungwa ndani ya pakiti. Kusipojibiwa, irudi njia ya zamani kana kwamba hakikutokea kitu. Na ule msimbo wa kuamua twende njia gani unakaa kwenye kiini cha MMC (sehemu ya kerneli ya kadi zote), ambacho ndo hicho hicho kinatumiwa na eMMC (hifadhi ya ndani) ya simu yako, na chipu za waifai zinazopita njia ya SDIO (ya jamii hiyo hiyo ya kadi), na bodi ndogo kama Raspberry Pi. Mstari mmoja ukae vibaya mtu ambaye hajawahi kuiona kadi ya UHS-II anaamka simu haiwaki. Kwenye kerneli Linus Torvalds, muasisi wa Linux, ana sheria haina mjadala, kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisivunjwe, na leo ukiufungua msimbo unakuta UHS-II imewekwa kwenye faili zake, sd_uhs2.c na sdhci-uhs2.c, kiini kimeguswa kidogo. Mi hiyo kazi naiheshimu sana.

Lakini sasa. Kerneli rasmi ikichelewa, mtengenezaji wa simu au laptopu hangoji. Anaiandika mwenyewe, anaibandika kwenye kerneli yake, anauza. Ule msimbo haujaulizwa swali hata moja, wala la bodi isiyokata umeme wala la milisekunde 10, na ndo unaofika mikononi mwa watu. Hii ndo hoja nzito ya wale wa haraka na haijibiwi kwa kusema tu ubora kwanza, kwasababu ukali wa mlangoni ukipita kiasi haukizuii kitu kibovu kufika Lamu, unakipitisha dirishani. Na mwandishi wa pachi naye ni binadamu ana ajira, kerneli mpya inatoka kila wiki tisa au kumi, kila anaporudi inabidi aipange kazi yake upya juu ya msimbo uliosogea. Mkaguzi akisema kwenye toleo la kwanza la pachi kwamba mpangilio wa faili haufai, ni msaada mkubwa. Akija kusema hivyo kwenye toleo la kumi la pachi ile ile wakati alikuwepo tangu mwanzo, hapo nakubaliana na wanaolalamika, ni kumchosha mtu kwa jambo lililokuwa na wakati wake. Ukali ubaki kwenye kufeli na kwenye kiini. Majina na mapambo yasemwe mapema au yaachwe.

Sisi tunaumia wapi? Chukua mpiga video wa harusi hapa Lamu. Kadi ya usiku wa kupamba, upande wa wanawake, hiyo haiachwi kwa fundi wala haikai dukani kwa mtu mpaka asubuhi, inahamishwa usiku ule ule na kufutwa na kurudishwa kwa wenyewe. GB 128 zikijaa, kwa kasi ya SDR104 kwenye karatasi ni kama dakika 20. Kushuka 1.8 kukishindikana unabaki na modi ya High Speed, megabaiti 25, inakuwa karibu saa moja na nusu. Na huku hewa ni chumvi mwaka mzima, tundu la kadi linashika kutu mapema, safu ya pili ya UHS-II ikichafuka kidogo tu hosti inarudi UHS-I, kimya kimya, na mwenye kadi anaamini ameuziwa feki. (Kisoma kadi cha USB kina mambo yake, hicho kinaiwasha kadi chenyewe ndani ya chipu yake na draiva hii haihusiki, kwahiyo nazungumzia tundu lililo ndani ya laptopu.)

Kurudi nyuma ni sawa, hata mi naitaka kadi ifanye kazi kwa kasi ndogo kuliko isifanye kabisa. Ubishi uko kwenye ule ukimya. Kuna wasemao logi (daftari la matukio la kompyuta) isijazwe maonyo kwa kitu kinachofanya kazi. Linux inaandika mstari mmoja unaotaja modi kadi iliyoingia, na kubadilisha voltiji kukiachwa inatoa onyo. Mi nataka mkaguzi adai onyo kama hilo kila mahali msimbo unaposhuka ngazi, na UHS-II ikiwemo, kwasababu bila mstari huo fundi wa huku hana pa kushika, atabadilisha kadi tatu na shida iko kwenye vishikizo vilivyotaka kusafishwa.

Kingine ni majaribio. Wanaojaribu pachi wana kadi safi na chumba chenye eisi, na joto linasogeza ile sehemu ya pigo inayofaa kusomwa, ndo maana hosti hupima tena baada ya muda. Kadi zilizozagaa Malindi sokoni ni mchanganyiko wa kila mwaka na kila kiwanda, na mwaka wa kadi una maana: kwenye quirks.h, faili la kerneli linaloorodhesha kadi zenye kasoro, kuna kadi moja iliyowekewa kasoro ya kutomaliza kusafisha kache (hifadhi ya muda ndani ya kadi) kwa toleo la Novemba 2019, na wameandika kwamba zile za Mei 2023 hazina tatizo hilo. Kadi ile ile, jina lile lile. Kama una laptopu au bodi ndogo ya Linux na kadi inayokusumbua, ripoti yako ina thamani kuliko malalamiko mia kuhusu ucheleweshaji. Weka mistari ya mmc kwenye dmesg (amri inayoonyesha logi ya kerneli) tangu kadi inaingia, weka faili la ios la kwenye /sys/kernel/debug/mmc0 inayoonyesha mapigo, voltiji na modi, weka manfid, oemid, name na date za kadi (namba za kiwanda na chapa, jina na tarehe), useme kama shida inakuja baada ya kuwasha upya tu au hata ukichomoa umeme. Namba ya serial ya kadi iache, kwa kutambua toleo zile nne zinatosha.