Ningekufa naye

"Mimi ningekufa naye," alisema shangazi, akarudisha kanga begani kana kwamba shauri limekwisha.

Tulikuwa tumesimama kwenye makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, katika eneo la chuo cha mifugo. Yapo makaburi yapatayo 150, na majina yake yanautesa ulimi. Nilikuwa nimemaliza kumsimulia habari za kina mama waliowapeleka watoto wao kwenye vituo vya yatima ilhali wenyewe wako hai.

Habari yenyewe ni hii. Septemba 1939 jeshi la Umoja wa Kisovieti liliingia mashariki mwa Poland, na kuanzia Februari 1940 familia zikasombwa kwa treni hadi Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipowageukia Wasovieti mwaka 1941, Wapolandi waliachiliwa, wakaunda jeshi chini ya Jenerali Anders, na mwaka 1942 jeshi hilo likavuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran. Raia walifuata, na pamoja nao watoto wa vituo vya yatima. Kituoni mkate ulikuwapo, na nafasi ya kupanda meli ilikuwapo. Mama aliyekwama kwenye shamba la ushirika bila chakula aliona mlango mmoja tu, nao ulipitisha watoto peke yao. Baadhi waliwaandikisha wana wao kuwa yatima, wakaondoka. Mwishowe watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapewa makazi hapa Tengeru chini ya Mlima Meru.

Hoja ya shangazi ina uzito. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba ameokolewa. Anajua mama hayupo. Mlezi wa kituo hajui yupi anaogopa giza na yupi hali uji uliopoa. Zaidi ya hayo, ukishaandikwa yatima, karatasi hiyo inakuwa na nguvu kuliko damu. Mwaka 1949 watoto wapatao 150 waliondolewa Tengeru, wakapitia Italia hadi Kanada. Serikali ya kikomunisti ya Poland ilikuja juu: watoto wetu wameibwa, warudishwe. Waliowapeleka Kanada walijibu kwamba hao ni yatima na wasirudishwe chini ya utawala ule ule uliowatesa. Wakubwa wakagombania mafaili. Kama kulikuwa na mama kijijini aliyekuwa bado anahesabu miaka ya mwanawe, sauti yake haikuwa na pa kusikika.

Hata hivyo siwezi kumfuata shangazi hadi mwisho. "Ningekufa naye" inasikika kama upendo uliokomaa, lakini ndani ya maneno hayo kuna watu wawili na aliyeulizwa ni mmoja. Njaa na maradhi ya mwaka 1942 havikuwapa wale kina mama uchaguzi wa kuishi pamoja au kuachana. Kwa wengi ilikuwa apone mmoja au wasipone wote. Tunapenda kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sawa, ila kuna uchungu mwingine ambao mwana ndiye anayeujua, na huo huja tu akibaki hai wa kuuhisi. Aliyepona ana haki ya kumlaumu mama yake maisha yake yote. Naona hiyo ni bei ya kulipika.

Mimi mwenyewe nilipelekwa kwa shangazi huyu Machame nikiwa na miaka sita, kwa ajili ya shule. Nililia wiki mbili. Lakini Krismasi mama alikuja na mkungu wa ndizi, akanikuta na viatu vipya. Kwetu mtoto kulelewa na ndugu si habari. Ndiyo maana nilianza kudhani jibu liko hapo: mtoe mtoto, lakini jina lake na njia ya kurudi viende naye.

Halafu nikaikumbuka Rwanda, nikaona nimeharakisha. Arusha tulikaa jirani na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliyoanzishwa kwa azimio la Umoja wa Mataifa la Novemba 1994, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mwaka 1994 kitambulisho cha Rwanda kilitaja kabila, na kwenye vizuizi vya barabarani neno moja lilitosha kumuua mtu. Mzazi aliyemkabidhi mtoto kwa jirani alipaswa kumkabidhi bila jina, bila ukoo, ikiwezekana bila hata kumbukumbu ya wimbo wa nyumbani. Njia ya kurudi ndiyo ambayo muuaji angeifuata.

Na mahakama hiyo hiyo ilituonyesha mzazi wa namna nyingine. Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na wanawake, alikaa kizimbani pamoja na mwanawe Shalom Ntahobali. Wote wawili walitiwa hatiani Juni 2011 kwa mauaji ya kimbari. Tunaposifu upendo wa mama kana kwamba peke yake ni kinga ya kila ubaya, picha ile ya mama na mwana katika kizimba kimoja huwa inanikaba.

Kwa hiyo nabaki na kina mama wa kituoni, kwa shingo upande. Walimpa mtoto uhai kwa kujifuta kwenye maisha yake, na sijui kama hilo lina jina zuri.

Nilimweleza shangazi hayo tukirudi barabarani kusubiri Hiace. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na yule mama aliyebaki kule, alijuaje kama mtoto amefika?"

"Wengine hawakujua kamwe, shangazi."

Akatikisa kichwa. "Basi hilo, baba, mimi nisingeliweza." Gari lilipofika alinishika mkono kupanda, na hakuuachia hadi Usa River.