Iulize Kompaila Imefungua Heda Ipi

Mara nyingi ninapoombwa msaada na mtu ambaye programu imemgomea kujengeka kutoka kwenye msimbo chanzo, nakuta ameshaongeza njia tatu au nne za -I (saraka za ziada za kutafutia heda) kwenye amri yake, ameshanakili faili za heda, zile zinazotangaza fankisheni na miundo ya data ya msimbo mwingine, kutoka saraka moja hadi nyingine, na sasa hawezi tena kueleza mashine yake ilikuwaje kabla hajaigusa. Simlaumu, kwa kuwa nami nilifanya hivyo kwa miaka. Siku hizi, hata hivyo, naamini kwamba mgongano wa heda una swali moja tu la kuanzia, nalo ni faili ipi hasa iliyofunguliwa. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa, inalijua jibu lake, ila haitamki mpaka iulizwe.

Kilichonibadilisha ni seva moja kuukuu niliyokabidhiwa kuitunza, ambayo nilitaka kuijengea OpenSSH mpya (programu ya kuingia kwenye mashine nyingine kwa usalama kupitia mtandao). Hati ya configure, inayoikagua mashine kabla ya ujenzi, ilikwenda vizuri hadi katikati, kisha ikasimama na kunieleza kwamba heda za OpenSSL (programu ya usimbaji fiche ambayo OpenSSH huitumia) hazilingani na maktaba yake, yaani msimbo wake uliokwisha kujengwa. Maktaba ya mfumo ilikuwa ya toleo la 1.0.2, na heda zake zilikuwa mahali pake, chini ya /usr/include/openssl. Nilizifungua kwa macho yangu, nikaona namba ya toleo ni sahihi, nikahitimisha kwamba configure ndiyo iliyokosea. Nikaongeza -I/usr/include ili kuilazimisha kompaila ianzie huko, na hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima kwa kutosoma mwongozo. GCC, kompaila niliyoitumia, huipuuza -I inayotaja saraka ambayo tayari imo katika orodha yake ya kawaida ya saraka za mfumo, na huiacha saraka hiyo katika nafasi ileile iliyokuwa nayo. Kwa kawaida, katika orodha hiyo /usr/local/include hutangulia /usr/include. Amri ya gcc -v -E -x c /dev/null huichapisha orodha nzima kwa mpangilio wake, na ningeiandika mapema ningelala mapema. Baada ya hapo nilichukua kile kiprogramu kidogo cha majaribio ambacho configure hukihifadhi ndani ya faili yake ya kumbukumbu, config.log, nikakipitisha kwenye gcc -H, ambayo hutaja kila heda inayofunguliwa, nukta zilizo mwanzoni mwa mstari zikionyesha imeitwa kutoka kina gani. Mstari wa kwanza uliotaja OpenSSL ulielekeza /usr/local/include/openssl, na humo mlikuwa na heda za toleo la 1.0.1g.

Toleo hilo lilitoka Aprili 2014 kuziba Heartbleed, tundu la usalama lililokuwa ndani ya OpenSSL, na si vigumu kukisia yaliyotokea: mtu alijenga OpenSSL kwa haraka wiki hiyo, baadaye mfumo ukapata maktaba yake mpya, akafuta faili za maktaba aliyoijenga na kusahau heda. Kwa miaka mingi hakuna aliyejenga kitu chochote hapo, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Ujumbe uleule wa configure ulikuwa umenitajia pia swichi ya --without-openssl-header-check, inayozima ukaguzi huo kwa mtu mwenye hakika kwamba mashine yake iko sawa. Nakiri kwamba nilishawishika. Swichi hiyo ina kazi yake halali, lakini kwa mtu aliyekwama saa nne usiku ni mtego, kwa sababu heda ndiyo inayomweleza kompaila umbo la muundo wa data: una sehemu zipi, kila sehemu iko umbali gani kutoka mwanzo, na ukubwa wote ni baiti ngapi. Maktaba ikiwa imejengwa kwa umbo jingine, programu itaandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, na linka (programu inayounganisha vipande vilivyojengwa) haitaona kosa lolote, maana katika lugha ya C jina la fankisheni halibebi aina za vigezo vyake. Mambo yatajengeka salama, kisha seva ianguke siku ambayo hukuitarajia.

Ndiyo maana naipenda migongano yenye kelele. Ukiita linux/if.h na net/if.h katika faili moja kwenye mfumo wa zamani, kompaila itakuambia waziwazi kwamba muundo wa ifreq umefafanuliwa mara mbili, na itakutajia faili zote mbili. Ya kuogopwa ni ile ya kimya, kama pale heda mbili za miradi tofauti zinapotumia makro moja ya ulinzi (jina linalozuia heda isisomwe mara mbili), tuseme UTILS_H: ya kwanza ikishasomwa, ya pili hurukwa yote bila hata onyo, na fankisheni zake huonekana kana kwamba hazikuwahi kutangazwa. Kabla ya GCC 14 iliyotoka mwaka 2024, kwa kawaida kuita fankisheni isiyotangazwa katika C kulileta onyo tu, na maonyo, tuseme kweli, wengi wetu huyaacha yapite.

Kule kwenye seva sikufuta kitu. Niliibadilisha jina ile saraka ya /usr/local/include/openssl, nikaendesha make distclean ili faili zilizojengwa kwa heda za zamani zisibaki, kisha nikarudia configure tangu mwanzo, bila -I hata moja. Ilipita. Kabla ya kuondoka niliiorodhesha /usr/local/include yote, nikakuta humo zlib.h ya zamani (heda ya maktaba ya kubana data) ambayo nayo haikuwa na maktaba yake.