Asilimia 10 ya nini?

Mwaka 2024, kabla serikali yetu ya Kongo (DRC) haijafunga mauzo ya kobalti, madini ya kutengenezea betri, nje ya nchi, mdogo wangu alinipigia simu kutoka soko la madini la Musompo, nje kidogo ya mji wa Kolwezi. Yeye na wenzake wanne walikuwa wamefikisha pale magunia kumi na mawili ya mawe ya kobalti. Kwenye depo ya kwanza, yaani duka la kununulia madini, mnunuzi alielekeza kwenye gunia kile kifaa cha kupima madini chenye umbo la bastola ambacho wachimbaji wanakiita Metorex, akatangaza: 1.3. Yaani asilimia moja na nukta tatu ya kobalti. Wakabeba magunia, wakavuka barabara. Depo ya pili ikasoma 2.4. Magunia yaleyale, asubuhi ileile.

“Yaya, nani anasema kweli?” aliniuliza. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Nilinyamaza. Hakuna kati yao aliyekuwa na kipimo chake.

Naanzia hapo kwa sababu sisi watu wa Lubumbashi tunabishana kila siku kuhusu asilimia: serikali ichukue ngapi, mwekezaji aachiwe ngapi. Ubishi huo ni wa haki kabisa. Lakini asiyejua gunia lina nini ndani, anadai asilimia ya nini?

Umiliki wa karatasi tulishaujaribu. Mwaka 1967 Rais Mobutu alitaifisha mali za Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, hapa Katanga, na ndizo zilizokuja kuitwa Gécamines. Hata hivyo uuzaji wa shaba ulibaki mikononi mwa Wabelgiji kwa miaka kadhaa zaidi. Mimi nimekulia mtaa wa Katuba, katika nyumba iliyokula posho ya kampuni hiyo: baba anaingia na gunia la unga begani, shati jeupe mgongoni kwa vumbi la unga, na sisi watoto tunajua kwamba bukari, yaani ugali, ya mwezi imefika. Wazee walikuwa wakisema, “Kazi njo baba, njo mama,” yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Mwaka 1986 uzalishaji wa Gécamines ulifika karibu tani 476,000 za shaba. Fedha zikakamuliwa bila kurudishwa kwenye mitambo, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa tumeshuka chini ya tani 20,000. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa Benki ya Dunia ulioondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000. Muda wote huo kampuni ilikuwa ya taifa, asilimia 100.

Sheria ya madini ya 2002 ikafungua mlango. Mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo kampuni huilipa serikali, uliwekwa asilimia 2 kwa shaba na kobalti, na mitaji ikaja, siwezi kukataa. Mwaka 2018 sheria ikarekebishwa: shaba asilimia 3.5, madini ya kimkakati asilimia 10, na mwaka huohuo kobalti ikawekwa katika kundi hilo. Wakuu wa kampuni kubwa walipanda ndege hadi Kinshasa kumwona Rais Kabila na kumwonya kwamba uwekezaji utakauka. Siku chache baadaye, mwezi Machi, akatia saini. Je, ulikauka? Mwaka 2018 nchi ilitoa takriban tani milioni 1.2 za shaba. Mwaka 2024 ilipita milioni 3. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tupunguze mrabaha ili tupendwe, naudhika kweli. Mwenye mtaji anataka umeme usiokatika, barabara inayopitika, na sheria ambayo kesho itasema ilichosema leo. Hilo la mwisho ni haki yake, na sisi tuliwahi kulikosea.

Nguvu tunayo. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, kisha mwezi Oktoba ikaweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kusafirishwa, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Iliwezekana kwa sababu zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu. Kwa shaba tusijidanganye, Chile na Peru zipo.

Sasa simama barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uangalie malori. Bamba la shaba safi halina siri kubwa: lihesabu, lipime, umemaliza. Lakini yale mafuko makubwa meupe yana hidroksidi ya kobalti, na mzigo ule husafiri ukiwa na maji mengi. Mizani inapima maji na kobalti pamoja. Ukikosea unyevu kwa pointi chache tu, kisha ukikosea kiwango cha kobalti kwa pointi chache, mrabaha umevuja na hakuna aliyevunja kufuli.

Sheria inasema asilimia 25 ya mrabaha iende kwa jimbo, na 15 kwa mji au sekta (eneo la utawala la vijijini) unakochimbwa mzigo. Lakini kabla ya kugawana, mimi ningeanza na maabara: za umma, zenye umeme wake, zinazochukua sampuli zenyewe bila kusubiri karatasi ya muuzaji. Moja iwe mpakani, nyingine Musompo, mchimbaji apime gunia lake kabla ya kuingia depo. Vijana waliosomea kemia na madini hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wapo. Nawafahamu wawili wanaouza vocha za simu.

Mdogo wangu na wenzake waliuza depo ya pili. Siku hizi wachimbaji ishirini wanachanga pesa wanunue kifaa chao, hata kilichokwisha kutumika. Ameniomba nimtafutie huku mjini mtu wa kuwafundisha kukisoma.