Matumbawe ya rangi na yale yasiyopigwa picha

Rafiki yangu amerudi Kisumu kutoka Wasini, kisiwa cha pwani ya Kenya, na simu iliyojaa picha: matumbawe ya zambarau, kijani, manjano. Tulikuwa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, tukingoja mbuta akaangwe. Akasema kule watu hupanda vipande vya matumbawe chini ya maji kama miche, na kwamba afadhali fedha zote za hifadhi zielekezwe huko. Mvuvi mmoja pembeni akacheka: "Jiwe nalo hupandwa?"

Hupandwa, maana si jiwe tu. Tumbawe gumu ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba. (Huo mwani ni wa kahawia; rangi zinazong'aa ni za tumbawe lenyewe.) Joto la maji likizidi lile la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 hivi, likadumu wiki kadhaa, mwani hutoka na tumbawe hupauka. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa hivyo.

Hapo ndipo ninaposita. Matumbawe yenye matawi hupendwa na wapandaji kwa kuwa hukua upesi, baadhi sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, na samaki wadogo hupata maficho mapema. Siibezi faida hiyo. Ila joto likija, mara nyingi hayo ndiyo hutangulia kufa. Yale ya mviringo kama majabali, yasiyovutia kamera, huongezeka sentimita 1 hivi kwa mwaka, na mengi husalimika.

Mvuvi akauliza tena: "Mkishapanda, mwenye nyavu anakatazwa na nani?" Swali zuri kuliko letu. Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji walitenga eneo lisivuliwe, yaani tengefu, na samaki wakaongezeka. Samaki aitwaye pono akiwapo hukwangua mwani unaosonga matumbawe, bila mshahara. Dunga nako mafunjo ni mazalio ya samaki. Kinachotakiwa ni yasifyekwe.

Kweli, tengefu haizuii joto. Kupanda pia hakuzuii. Ningepewa fedha hizo, nyingi ningempa mlinzi wa tengefu na mafuta ya mashua yake. Wapandaji wangepata zinazobaki.

Rafiki yangu hajakubali. Anasema hakuna mfadhili atakayetaka picha ya mlinzi.