Mahali Ulipotoka Mlipuko Ndiyo Habari Yenyewe

Julai 2, 1967, setilaiti za Vela za Marekani, zilizorushwa kuchunga majaribio ya silaha za nyuklia, zilinasa mmweko wa miale ya gama, mionzi yenye nguvu nyingi kuliko hata eksirei, ambao haukufanana na bomu lolote. Dunia ilikuja kuambiwa mwaka 1973. Baada ya hapo wataalamu wakakaa zaidi ya miaka ishirini wakijua kwamba milipuko hii ya miale ya gama ipo angani, wasijue inatoka wapi.

Ndiyo maana nasisitiza kila mara mada hii inapozuka: kuugundua mlipuko ni nusu tu ya kazi, tena nusu nyepesi. Darubini ya Compton, iliyorushwa mwaka 1991, ilirekodi zaidi ya milipuko 2,700. Ilituonyesha kwamba inatoka kila upande wa anga bila upendeleo, na hilo si dogo. Lakini kila mlipuko ulielekezwa kwa kukisia nyuzi kadhaa huku na huku, eneo ambalo miezi mipevu mingi ingeenea ndani yake. Ubishi ukaendelea: ni jirani na galaksi yetu, au ni mbali kupita kiasi?

Ubishi ule haukumalizwa na wingi. Februari 28, 1997, setilaiti BeppoSAX ya Italia na Uholanzi iliona mng'ao wa eksirei uliobaki baada ya mlipuko, na kwa mara ya kwanza darubini za ardhini zikajua pa kuangalia. (Data zake zilipokelewa katika kituo cha Malindi, jambo ambalo kwa maoni yangu halitajwi vya kutosha.) Mei mwaka huohuo mlipuko mwingine ukapimwa umbali wake: mabilioni ya miaka ya nuru. Milipuko michache yenye anwani ilifanya kile ambacho maelfu isiyo na anwani haikuweza.

Ugumu wenyewe ni kwamba miale ya gama haikusanywi kwa lenzi wala kioo cha kawaida, inapenya. Darubini ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, hutumia kivuli. Juu ya vitambuzi vyake, yaani vipande vinavyohisi miale, kwa kimo cha mita moja hivi, kuna ubao uliopangwa vigae vya madini ya risasi takribani 52,000, kila kimoja milimita 5 kwa 5, vikiwa vimetawanywa ovyo kwa makusudi. Mlipuko ukitokea, vigae huangusha kivuli juu ya vitambuzi zaidi ya 32,000 vilivyo chini. Chanzo kikisogea angani, kivuli nacho husogea. Kwa kuwa mpangilio haujirudii, kompyuta iliyomo chomboni husoma kivuli kile na kupata upande mmoja tu unaoweza kukiangusha, kwa usahihi wa karibu moja ya kumi ya upana wa mwezi mpevu. Kwangu mimi hiki ni kipande kizuri kuliko picha zote za rangi tunazoonyeshwa kutoka angani.

Kisha chombo kizima hujigeuza chenyewe, bila kungoja amri, na kwa takribani dakika moja na nusu darubini zake za eksirei na za mwanga huwa zimeshaelekea hapo. Haraka hiyo ni ya lazima, kwa sababu mng'ao hufifia upesi. Anwani nayo hutumwa papo hapo kwa yeyote mwenye darubini, bure, kupitia GCN, mtandao wa kupashana habari za milipuko kama hii. Utaratibu huo usiguswe kamwe.

Tazama Agosti 17, 2017. Nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zilipogongana, darubini ya Fermi ilinasa miale ya gama sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe iliyonaswa na mitambo ya ardhini, lakini ilijua upande kwa ukadiriaji tu. Swift haikuona mlipuko wenyewe, kwani Dunia ilikuwa imeuziba. Ikabidi mawimbi yale yasaidie kupunguza eneo, na darubini moja nchini Chile ikaipata galaksi husika, NGC 4993, karibu saa 11 baada ya tukio. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi bado nazifikiria zile saa 11: miale ya gama ilinaswa, lakini mwanga wa kawaida wa mwanzo kabisa wa mgongano ule ulipita na hakuna aliyeuona.

Kwa hiyo nilifurahi SVOM ya China na Ufaransa iliporushwa Juni 22, 2024, nayo ikiwa na ubao wa vivuli. Nataka vyombo vya namna hiyo viwe vingi, vikae pande mbalimbali, ili Dunia ikimziba mmoja, mwenzake awe anatazama.